Upasuaji wa kupunguza uzito ukiwa na IBS: mwongozo kamili wa kabla na baada

Mtu mwenye IBS (tatizo la kudumu la utumbo linaloleta maumivu ya tumbo na kubadilika kwa choo) anayefikiria upasuaji wa kupunguza uzito huwa na swali moja kichwani: tumbo langu litatulia, au ndiyo litachafuka kabisa? IBS peke yake haimzuii mtu kufanyiwa upasuaji huu, na upasuaji wenyewe hautibu IBS. Wapo wanaopata nafuu, wapo wanaobaki vilevile, na wapo wanaoondokana na shida moja wakapata nyingine. Kinachowaponza wengi ni kubandika jina la IBS kwenye kila maumivu yanayokuja baadaye. Baada ya upasuaji kuna matatizo kadhaa yanayofanana mno na IBS. Mengi yana vipimo na dawa zake, na baadhi yanaweza kuua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kulijua tumbo lako kabla halijaguswa, ili likishaguswa uweze kusema: hili nalijua, hili ni geni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni IBS kweli

Wengi wanaosema wana IBS walijipa jina hilo wenyewe, au waliambiwa harakaharaka na halikuchunguzwa tena. Vigezo vya Rome IV vya mwaka 2016, ambavyo madaktari hutumia kuitambua IBS, vinataka maumivu ya tumbo yanayojirudia, kwa wastani angalau siku 1 kwa wiki ndani ya miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zimeanza miezi 6 au zaidi iliyopita. Maumivu hayo yaambatane na angalau mambo mawili kati ya haya: yanahusiana na kwenda choo, idadi ya safari za chooni imebadilika, au umbo la choo limebadilika. Kama tumbo linajaa gesi tu bila maumivu, hiyo si IBS kwa vigezo hivi.

Omba vipimo vifuatavyo kabla ya kupasuliwa: picha kamili ya damu, kiwango cha madini ya chuma, kipimo cha damu cha siliaki (ugonjwa wa utumbo kukataa gluteni ya ngano), kipimo cha choo cha kalprotektini kinachoonyesha kama utumbo una uvimbe wa ndani, na kipimo cha bakteria wa H. pylori. Usiache kula ngano kabla ya kipimo cha siliaki, maana ukiacha, majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Kwa nini uvifanye sasa? Baada ya baipasi (upasuaji unaokipitisha chakula njia ya mkato, nitaueleza Hatua ya 3), chakula hakipiti tena kwenye duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, na kamera ya kawaida inayoingizwa kwa mdomo haifiki huko kirahisi. Huko ndiko kinyama cha kuthibitisha siliaki huchukuliwa. Na ikigundulika kwamba ulichokuwa unakiita IBS ni ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa kudumu wa ndani ya utumbo), mpango wote hubadilika, kwa sababu wapasuaji wengi watakwepa kuunganisha upya utumbo unaougua.

Kuna dalili ambazo haziruhusu kusubiri: damu kwenye choo, kuamshwa usiku na haja kubwa, homa, upungufu wa damu usio na sababu, au dalili zilizoanza ghafla ukiwa na umri mkubwa. Hizo zichunguzwe kwanza, upasuaji ungoje.

Hatua ya 2: Andika daftari la tumbo

Hatua hii watu huiruka, ilhali haina gharama yoyote. Andika kwa wiki 4 hivi kabla ya kuanza mlo maalumu wa maandalizi: ulichokula, saa ngapi, maumivu yalianza lini na wapi, choo kilikuwaje, na maumivu yaliisha baada ya kutoka chooni au la. Kwa umbo la choo tumia chati ya Bristol, ambayo ina aina 7. Aina ya 1 na 2 ni choo kigumu cha vidonge au mabonge, ya 3 na 4 ni choo cha kawaida, ya 5 inaanza kulegea, ya 6 na 7 ni kuhara.

Mstari mmoja wa daftari zuri unasomeka hivi: “Jumanne. Saa 1 asubuhi, chai ya maziwa kikombe kimoja, mkate vipande viwili. Saa 2 na nusu, msokoto chini ya kitovu upande wa kushoto. Saa 3 kasoro, choo aina ya 6, msokoto ukaisha. Nililala vibaya jana.” Mstari kama huu unamwambia daktari mengi kuliko maneno “tumbo linanisumbua”. Unaonyesha mahali, muda, nafuu baada ya choo, na hata usingizi. Miezi 8 baada ya upasuaji, ukipata maumivu ya juu ya kitovu yanayopiga mgongoni na yasiyojali kama umekwenda choo au la, utafungua daftari na kuona kwamba hayafanani na chochote ulichowahi kuandika.

Mwishoni mwa wiki hizo utajua pia uko kundi gani: la kuhara, la kufunga choo, au la yote mawili kwa zamu. Utalihitaji jibu hilo sasa hivi.

Hatua ya 3: Chagua aina ya upasuaji huku tumbo likihesabiwa

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mtu mwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 au zaidi hata kama hana ugonjwa mwingine, na inaruhusu kuufikiria kwa BMI ya 30 hadi 34.9 akiwa na ugonjwa kama kisukari. Vigezo vya zamani vya mwaka 1991 vilitaka 40, au 35 ikiwa na ugonjwa mzito. Ukishakidhi vigezo, swali linakuwa upasuaji gani.

Slivu huondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha bomba jembamba. Utumbo hauguswi. Choo huelekea kuwa kigumu zaidi, hasa mwanzoni, na kiungulia huweza kuanza au kuzidi. Baipasi hutengeneza kifuko kidogo cha ujazo wa takribani mililita 30 na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Kwa kiungulia mara nyingi inafaa zaidi kuliko slivu, lakini huleta choo laini, gesi, na hali ya dampingi nitakayoieleza chini. Kuna pia upasuaji wa kuhamisha duodeni, unaoruka sehemu ndefu zaidi ya utumbo. Unapunguza uzito sana, na unaleta choo cha mafuta, cha mara kwa mara na chenye harufu kali.

Historia inafundisha hapa. Upasuaji wa awali wa kupunguza uzito, ulioanza miaka ya 1950, ulikata njia karibu utumbo mdogo wote. Watu walikonda kweli, ila waliharisha vibaya, wengine wakapata mawe ya figo na ini kushindwa kazi, na upasuaji huo ukaachwa. Kadiri utumbo mrefu zaidi unavyorukwa, ndivyo choo kinavyobadilika.

Kwa maoni yangu, mwenye IBS ya kuhara asikubali upasuaji wa kuhamisha duodeni kabla hajaelezwa kwa undani choo chake kitakuwaje, na kama hana kiungulia kikali, slivu iwe ya kwanza kujadiliwa. Mwenye IBS ya kufunga choo pamoja na kiungulia cha kudumu ana sababu nzuri ya kuegemea baipasi. Lakini kisukari, kiungulia na uzito wenyewe vina kauli kubwa kuliko IBS, kwa hiyo usikatae upasuaji unaoyafaa maisha yako kwa hofu ya gesi.

Hatua ya 4: Pitia dawa zako zote kabla ya siku ya upasuaji

Andika kila unachomeza, pamoja na vya dukani na vya mitishamba, umpelekee daktari. Angalia hasa haya.

Vidonge vinavyoyeyuka polepole kwa saa nyingi huenda visifyonzwe vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo uliza kama kuna aina ya kawaida au ya maji. Vidonge vya mafuta ya mnanaa husaidia msokoto wa IBS, lakini hulegeza mlango wa juu wa mfuko wa chakula na kuchochea kiungulia. Baada ya slivu vinaweza kukugeuka. Unga wa nyuzi kama isapgoli huvimba ukikutana na maji, na usitumike wiki za mwanzo wakati mfuko ni mwembamba na maji unakunywa kwa tone. Uanze tena kwa ruhusa, kidogokidogo.

Amitriptilini ya dozi ndogo ni tiba nzuri ya IBS, na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 uliithibitisha kwa wagonjwa wa kliniki za kawaida. Ila inaweza kuongeza hamu ya kula na kufunga choo, kwa hiyo zungumza na daktari kama uendelee nayo. Usiiache ghafla peke yako. Ibuprofen, diklofenaki na ndugu zao ziagwe kabisa hasa baada ya baipasi, kwa sababu huleta kidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo. Sigara nayo ni hivyohivyo.

Kwa wanawake: vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya baipasi au ukiwa unahara, na mimba haishauriwi kwa miezi 12 hadi 18 ya mwanzo. Chagua njia nyingine mapema.

Hatua ya 5: Wiki sita za mwanzo

Utaratibu wa kawaida ni vinywaji vyepesi siku moja au mbili, kisha vinywaji vizito hadi karibu wiki ya 2, chakula kilichosagwa wiki ya 3 na 4, chakula laini wiki ya 5 na 6, halafu unarudi taratibu kwenye chakula cha kawaida. Kila hospitali ina ratiba yake. Fuata ya kwako. Lengo ni protini gramu 60 hadi 80 kwa siku na maji angalau lita 1.5 kwa funda dogodogo. Usinywe wakati wa kula, na ukishakula subiri nusu saa.

Kipindi hiki si cha kujaribu mlo wa IBS. Chakula ni kidogo mno kiasi kwamba kila unachokiondoa ni protini au vitamini unayoikosa. Unachoweza kufanya ni kusoma lebo. Vinywaji vingi vya protini vinavyouzwa kama “visivyo na sukari” vimetiwa sorbitoli, maltitoli au zailitoli, na vingine vina inulini. Hizo ni sumu ya tumbo la IBS: gesi, msokoto, kuhara. Angalia pia laktosi, yaani sukari ya maziwa. Unga wa protini ya maziwa uliochujwa sana una laktosi kidogo kuliko ule wa kawaida, na kama maziwa yalikuwa yanakusumbua kwenye daftari lako, anza na huo au protini ya soya iliyotengwa.

Maumivu ya bega na tumbo kubana siku za kwanza hutokana na hewa ya kaboni dioksidi inayopulizwa tumboni wakati wa upasuaji, nayo huisha yenyewe. Kutopata choo siku chache ni kawaida, maana umekula nini? Dawa kali za maumivu nazo hufunga choo. Zikipita siku 3 au 4 na tumbo linauma, piga simu upewe dawa ya kulainisha. Ukianza kuhara sana baada ya antibayotiki, usikimbilie dawa ya kuzuia kuhara; choo kipimwe kwanza.

Hatua ya 6: Vidonge vya lishe vya maisha

Vidonge vya lishe vinamsumbua mwenye IBS kuliko mtu mwingine yeyote, na ndivyo vya kwanza kuachwa. Madini ya chuma hufunga choo, hukifanya cheusi na kuleta msokoto. Kalsiamu ya kaboneti nayo hufunga choo, ilhali magnesiamu hulegeza. Mtu anaanza vyote siku moja, tumbo linachafuka, anavitupa vyote. Miaka miwili baadaye ana upungufu wa damu na ganzi miguuni.

Anza kimoja kimoja, ukiacha siku 4 au 5 kati, na andika kwenye daftari. Chagua kalsiamu ya sitreti, ambayo hufyonzwa hata asidi ya tumbo ikiwa kidogo. Kalsiamu na chuma visimezwe pamoja. Viache saa 2 kati yake. Ratiba inayofanya kazi kwa wengi: chuma asubuhi pamoja na kitu chenye vitamini C, multivitamini mchana, kalsiamu imegawanywa alasiri na usiku. Chuma kikikushinda, omba aina nyingine, au kumeza siku moja kuruka moja, au hata dripu ya chuma. Vitamini B12 mara nyingi hutolewa kwa sindano au dozi kubwa, kwa sababu mfuko mpya hautengenezi vya kutosha ile protini inayoisaidia kufyonzwa. Damu ipimwe mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka.

Hatua ya 7: Tenganisha la zamani na jipya

Soma sehemu hii ukiwa na daftari mkononi. Swali la kwanza ni muda.

Shida ikija dakika 10 hadi 30 baada ya kula, hasa vitu vitamu, na ikaja na moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu, msokoto na kuhara, hiyo ni dampingi ya mapema: chakula kimeshuka haraka kwenye utumbo na kuvuta maji. Ikija saa 1 hadi 3 baada ya kula, na kutetemeka, njaa kali na akili kuchanganyikiwa, sukari ya damu imeshuka. Ni dampingi ya kuchelewa. Zote hupungua ukila milo midogo, ukianza na protini, ukiacha vitamu na kutenganisha kinywaji na chakula. IBS haikutoi jasho dakika 20 baada ya juisi.

Swali la pili ni choo chenyewe. Choo cha majimaji kinachokimbiza, mara nyingi asubuhi au baada ya kula, hasa kama mfuko wako wa nyongo umetolewa, kinaweza kuwa asidi za nyongo zinazofika kwenye utumbo mpana. Dawa ya kolestiramini huzinasa, ila hunasa na vitamini na dawa nyingine, kwa hiyo vingine vimezwe saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baadaye. Choo cheupe kidogo, kinachoelea, chenye mafuta na kisichokubali kusukumwa na maji ni dalili ya mafuta kutomeng’enywa, na kongosho lichunguzwe kwa kipimo cha choo cha elastazi. Tumbo kuvimba kwa gesi kila siku hata kwa chakula ulichokuwa unakivumilia zamani kunaweza kuwa bakteria waliozidi kwenye utumbo mdogo, hali inayopimwa kwa pumzi na kutibiwa kwa antibayotiki. Maziwa nayo: wapo waliokuwa wanakunywa bila shida wakajikuta hawayawezi tena baada ya baipasi.

Swali la tatu ni mahali. Maumivu ya juu kulia, chini ya mbavu, yanayokuja baada ya chakula cha mafuta na kukaa kwa saa nzima au zaidi, ni ya mawe ya nyongo hadi ithibitike vingine. Kukonda haraka huyatengeneza, na ndiyo maana madaktari wengi hutoa dawa ya asidi ya ursodeoksikoli kwa miezi 6 ya mwanzo. Maumivu ya moto katikati ya juu, ya kila ukila, yanadai kamera kutafuta kidonda.

Kisha ipo ngiri ya ndani, inayohofiwa zaidi kwa aliyefanyiwa baipasi. Mafuta ya tumboni yakishapungua, nafasi hufunguka, na kipande cha utumbo huweza kupenya na kujisokota humo. Maumivu huja na kuondoka, mara nyingi baada ya kula, juu au katikati ya tumbo, yakipiga mgongoni. Mgonjwa anasema “IBS yangu imerudi”, na picha zinaweza kutoka safi wakati maumivu yametulia. Inaweza kutokea hata miaka baada ya upasuaji. Ukiwa na maumivu ya namna hiyo yanayojirudia, mtafute mpasuaji anayejua baipasi, na usiridhike na jibu la mtu ambaye hakuuliza ulipasuliwa upasuaji gani.

Jambo moja zaidi ambalo halisemwi vya kutosha: kupungua uzito ni dalili ya hatari kwa mtu mwenye matatizo ya tumbo, lakini kwako wewe kupungua kunatarajiwa, kwa hiyo kengele hiyo imezimwa. Upungufu wa damu nao hufichwa kwa kusingizia upasuaji. Damu kwenye choo na kuamka usiku kuhara bado zina maana ileile ya zamani.

Hatua ya 8: Mlo wa FODMAP, kwa wakati wake

Mlo huu, ulioasisiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unapunguza aina fulani za wanga unaochacha utumboni: vitunguu, vitunguu saumu, ngano, maharage, maziwa, asali, matufaha na kadhalika. Ungoje hadi unakula chakula cha kawaida na protini yako imetimia, yaani si chini ya miezi 3 kwa wengi, na uufanye pamoja na mtaalamu wa lishe. Awamu ya kukata ni wiki 2 hadi 6 tu. Baada ya hapo rudisha kundi moja moja na uandike. Kukaa kwenye awamu ya kwanza milele, kwa mtu ambaye tayari anakula robo ya alichokuwa anakula, ni kutafuta utapiamlo. Mara nyingi inatosha kuondoa vitunguu na laktosi peke yake.

Msongo na usingizi navyo havikupasuliwa. Tiba ya kisaikolojia inayolenga tumbo ina ushahidi mzuri kwa IBS, na baada ya upasuaji inabeba kazi ya pili, kwani mtu aliyezoea kujiliwaza kwa chakula sasa hana pa kukimbilia. Iombe kabla mambo hayajaharibika.

Hatua ya 9: Wakati wa kukimbilia hospitali, na kadi ya mfukoni

Nenda usiku huohuo ukiwa na maumivu makali yasiyoacha, kutapika usikoweza kuzuia, tumbo gumu lililovimba huku hutoi hata hewa, homa na moyo kwenda mbio katika wiki za mwanzo, choo cheusi kama lami au damu. Kama umetapika siku kadhaa na unaanza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, huenda thiamini (vitamini B1) imekwisha mwilini na ubongo uko hatarini.

Andika kadi, uiweke pamoja na kitambulisho, na picha yake uiache kwenye simu ya mtu wa nyumbani: “Nimefanyiwa baipasi (au slivu), mwezi na mwaka. Nina IBS ya kuhara (au ya kufunga choo). Maumivu yake ya kawaida huwa chini kushoto na huisha baada ya choo. Nisipewe ibuprofen, diklofenaki wala aspirini bila kumuuliza mpasuaji wangu. Kama nimekuwa nikitapika, nipewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi. Maumivu ya juu ya tumbo yafikiriwe ngiri ya ndani.”